Saa kumi jioni nani kashika rimoti?

Mdoli wa binti yangu tulimkuta kwa jirani. Katupwa juu ya ukuta, kaangukia bandani kwa kuku, na jirani mwenyewe muungwana akaja nae mkononi anauliza mama, huyu si wa kwenu? Nikajua tu watoto wamegombana. Nikamuuliza binti mwenye mdoli, akaanza kulia, hajui chochote. Nikamuuliza mdogo wake, huyu wa mwisho ana miaka sita, akaangalia chini. Nikamwambia usiposema ukweli leo nakuchapa (hilo lilikuwa kosa, ntalirudia mbele), akanyamaza kama maji ya mtungini.

Wiki mbili zikapita. Akaanza kukataa kwenda chooni peke yake, na choo chetu ni cha ndani, taa ipo, hatua nne tu toka chumbani kwao. Akakojoa kitandani mara tatu, mtoto alieacha kukojoa zamani sana. Mama mkwe alikuwa kaja toka Tanga akasema huyu kapigwa jicho. Baba watoto akasema anadeka. Mie nikasema minyoo, nikanunua dawa nikawanywesha wote watatu hata asiehusika.

Siku moja namuogesha, akaniuliza taratibu kabisa: "Mama, mdoli ukimtupa mbali anajua njia ya kurudi?"

Hapo ndo nikakaa chini kwenye ndoo iliogeuzwa nikamsikiliza.

Sasa kilichotokea ni hiki. Nyuma ya tv yetu kuna flashi, na ndani ya flashi kulikuwa na folda limeandikwa KATUNI, herufi kubwa. Ndani ya hilo folda, katikati ya katuni za kawaida za magari yanayoongea na paka na panya, kulikuwa na muvi ya kutisha ya mdoli anaetembea usiku. Alieiweka ni kijana wa kibanda cha muvi pale stendi, na aliemtuma aweke ni mimi mwenyewe. Nilimpa hela nikamwambia nijazie katuni za watoto, nikaenda kununua mchicha na nyanya, narudi flashi imejaa, nikasema ahsante mdogo wangu, nikapanda bodaboda nikaenda zangu. Sikuangalia hata moja. Kijana wa watu kaona picha ya mdoli kaona ni mambo ya watoto, na wala simlaumu sana, angejuaje, ye anapanga mafaili kwa majina.

Enzi za CD angalau kulikuwa na kava. Unageuza nyuma unaona picha, unaona umri ulioandikwa, ukiona mtu kashika panga na damu unarudisha. Hapa Tanzania Bodi ya Filamu ipo, sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tunayo toka mwaka 1976, na wenzetu Kenya bodi yao inapanga madaraja kabisa, GE ni ya watu wote, PG uwe na mzazi, halafu 16, halafu 18. Vizuri sana. Ila flashi haina kava jamani. Muvi ikishahamia kwenye flashi ule umri wote unabaki huko ilikotoka, kinachokuja nyumbani ni jina la faili tu, na mara nyingi hata jina lenyewe limekosewa.

Na kuna hili la muvi za kutafsiriwa. Mie nimekua nazo, nani wa rika langu hakumsikia Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, tulikuwa tunakaa kibanda umiza kwenye mabenchi, chumba kina joto, na muvi ya Kichina inakuwa tamu kuliko ilivyo kwa sababu ya ile sauti. Ila mzazi elewa kwamba anaetafsiri anaongeza ya kwake. Muvi yenyewe inaweza kuwa safi, mtu kakuta kuku wake wameibiwa, lakini maneno anayotiwa mdomoni ni ya kijiweni. Mwanangu wa kwanza tusi lake la kwanza kubwa alilitoa huko, akanitamkia mbele ya mchungaji, tena anacheka, anajua ni utani. Kwa hiyo kupita sebuleni ukaangalia picha ukaona ni ngumi tu za kawaida haitoshi, simama usikilize dakika tano.

Basi siku ile ya mdoli nilitoka bafuni nimepandisha, nikaenda moja kwa moja jikoni kwa dada wa kazi. Nikafoka. Ulikuwa wapi mtoto anaangalia mambo haya, nakulipa ya nini, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, sauti ya chini: "Mama, ulisema wasitoke getini. Ulisema wasiende kwa jirani. Ulisema wasichezee maji, wasichafue makochi, na wasipige kelele bibi amelala. Mie nafua, napika, napiga pasi nguo za shule. Sasa ningewaweka wapi?"

Mwenzenu nilikosa jibu. Maana ni kweli. Mie nafanya kazi mjini, naishi Kimara, nikifika mapema ni saa moja na nusu usiku. Watoto wadogo wanarudi shule saa tisa na nusu. Kati ya saa kumi na saa mbili kasoro, nyumbani kwangu anaeamua watoto waangalie nini sio mimi na wala sio baba yao, ni binti wa miaka ishirini na moja mwenye beseni la nguo, na wakati mwingine ni bibi, na wakati mwingine ni huyohuyo wa miaka sita maana rimoti iko mkononi mwake. Tunakaa na baba watoto usiku tunapanga hapa kwetu mtoto haangalii hiki haangalii kile, tunakubaliana vizuri kabisa, ila aliepo saa kumi hajaambiwa hata neno moja la tulichokubaliana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi yoyote, kabla hujafika kwenye mambo ya kufunga simu na paswedi, jiulize saa kumi jioni nani kashika rimoti, halafu nenda ukaongee na huyo.

Sisi tuliongea. Jumapili, mkeka chini, wote, na dada wa kazi nae kakaa sio anasikiliza toka jikoni. Tukamuuliza yeye kwanza anaona nini huwa kinaangaliwa. Alijua kuliko sisi! Akasema mkubwa akirudi anaweka miziki, zile za singeli na video za wadada wanaokata viuno, na wadogo wanakaa nyuma yake wanaiga. Bibi anaweka tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na ikifika pale wanapotaka kukumbatiana bibi anasema "fumbeni macho", watoto wanafumba, wanahesabu mpaka tano, wanafumbua. Bibi akawaka, akasema hao watoto hawafumbui. Mdogo akasema "tunafumbua bibi."

Tulivyoamua ni vichache. Geti linafunguliwa saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro, wacheze nje, wachafuke, nguo zitafuliwa. Hiyo peke yake imepunguza tv kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu, na ni kitu nilichokuwa nimekikataza mwenyewe. Tv ya watoto ni lisaa limoja tu kwa siku za shule. Flashi ya watoto ni moja, ya rangi nyekundu, na kitu hakiingii humo mpaka mimi au baba yao tumekipitisha, tunaruka ruka, mwanzo katikati mwisho, dakika kumi zinatosha kujua. Humo tumejaza zaidi zile za Ubongo Kids na Akili and Me, zinatengenezwa hapahapa Dar, hiyo ya kwanza ilianza kuonyeshwa 2014, na raha yake ni kwamba mtoto anaimba hesabu kwa Kiswahili chake sio anaongea Kimarekani cha kwenye katuni. Bibi tamthilia yake anaangalia watoto wakiwa nje. Hilo lilitaka busara, nilimuachia baba watoto aongee na mama yake, mie sikuingia, na nakushauri mkwe mwenzangu na wewe usiingie.

King'amuzi nacho tulikifunga chaneli kadhaa kwa namba ya siri. Ving'amuzi vingi vina hiyo sehemu, ukiingia kwenye setingi unaikuta, ila namba inayokuja nayo toka dukani mara nyingi ni 0000 au 1234 na watoto wote wa mtaa wanaijua, ibadilishe. Na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Mie niliweka mwaka wangu, mkubwa akaufungua siku ya pili, kisa aliuona kwenye kadi yangu ya bima.

Tuje kwenye simu, maana huku ndo kwenye kazi.

Wazazi wengi tunampa mtoto YouTube tukidhani akiandika katuni atapata katuni. Mwaka 2017 dunia nzima ilipiga kelele kuhusu video zilizotengenezwa kwa wahusika wa katuni wanaojulikana, nje zinaonekana za watoto, ndani ni mambo ya kutisha na ya aibu, watoto wanadungwa sindano, wanafukiwa, YouTube wakafuta video nyingi. Kilichokuwa kinawapeleka watoto huko sio kutafuta, ni ile kuachia inaendelea yenyewe, video inaisha inakuja nyingine, hii inafanana na ile kidogo, ile nyingine inafanana na hii kidogo, ukija kushtuka ya kumi haifanani kabisa na ya kwanza. Kwa hiyo zima ile ya kujiendeleza yenyewe (autoplay). Na washa kile kitufe cha kuchuja maudhui (Restricted Mode), kipo kwenye setingi za YouTube, hakikamati kila kitu ila kinasaidia.

Kwa simu za Android kuna programu ya Google inaitwa Family Link, haina malipo, unafungua akaunti ya mtoto chini ya yako, akitaka kuweka programu mpya ombi linakuja kwako, unaweka na muda wa simu kujifunga usiku. Simu ya mkubwa wangu inajifunga saa mbili na nusu, hatugombani tena, tunailaumu simu. Na kuna ujanja mwingine watu hawaujui, kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9 ukienda setingi za mtandao kuna sehemu ya DNS ya faragha (Private DNS), ukiandika pale family.cloudflare-dns.com tovuti za ngono nyingi hazifunguki tena, iwe ni bando iwe ni waifai. Haili bando, haina malipo. Ila usilale usingizi wa pono, maana haichuji kilichomo ndani ya TikTok wala YouTube wala WhatsApp, na mtoto akiwasha VPN, zile programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, ambazo sikuhizi simu nyingi za mtaani kwetu unazikuta, anaipita kama hakuna kitu.

Halafu kuna simu ambayo hakuna alieifunga, nayo ni yangu. Binti yangu alikuwa anatumia simu yangu kupiga picha kazi za shule za kwenye daftari ili nimsaidie nikirudi. Siku moja anatafuta hiyo picha, akakutana na maiti. Ajali ya basi, mtu kairusha kwenye grupu la ukoo na maneno "tuwaombee", watu kumi wakajibu amina, na simu yangu ikaihifadhi yenyewe katikati ya picha za bethdei. Miezi yote hiyo nahangaika na flashi na king'amuzi, kumbe picha mbaya kuliko zote walizoona watoto wangu imetoka kwa shangazi yangu. Zima ile ya WhatsApp kujihifadhia picha na video yenyewe, leo, sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Na kwenye grupu nikaandika naomba tusirushe picha za marehemu humu, simu zetu zinashikwa na watoto. Wawili walininunia. Basi.

Huyu mkubwa wa miaka kumi na tatu ni habari nyingine na sitajifanya nimemuweza. TikTok wenyewe wanasema mwisho wa chini ni miaka 13, kwa hiyo siku aliyofikisha alikuja na hoja kama wakili, kasoma masharti yote. Nikimkatalia ataangalia kwenye simu ya rafiki yake kwenye basi la shule, hilo nalijua na yeye anajua kwamba nalijua. Tukakubaliana akaunti iwe ya kujifungia, sio ya wazi, simu inalala sebuleni kwenye chaja pamoja na za kwetu (baba watoto ndo alielalamika zaidi), na mara moja moja tunakaa ananionyesha kinachomjia. Ile ya mwisho ndo imenifunza mengi. Nilikuwa nategemea kukuta viuno, nikakuta kamari. Video baada ya video ya vijana wanaonyesha mkeka wa kubeti ulioshinda, wameshika manoti, "tuma namba nikupe odi", yaani mechi za kubetia. Kisheria kamari ni kuanzia miaka 18 lakini hizo video haziulizi umri, zinamjia kwa sababu anapenda mpira. Tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi, huyo anaeuza odi za ushindi kwa nini asizibetie mwenyewe akatajirika akakaa kimya? Akacheka. Sijui kama imeingia, ila alicheka kama mtu aliekuwa hajawahi kulifikiria.

Sasa narudi kwenye lile kosa langu. Kijana wangu wa miaka sita alikaa na ile hofu wiki mbili, usiku macho wazi, kwa sababu nilimwambia nakuchapa. Na sio siku ile tu, nilishazoea kuwaambia toka zamani, nikikukuta unaangalia ujinga utanitambua. Kwa hiyo alipoona kitu kibaya, akilini mwake aliekosa ni yeye. Aliogopa mdoli, ila mimi aliniogopa zaidi. Ndo maana akaamua kulimaliza kiume, akamtupa mdoli wa dada yake ng'ambo ya ukuta.

Tukabadilisha. Sheria ya nyumba sasa hivi, na tumeisema mbele ya wote mpaka bibi: ukiona kitu kibaya ukaja kusema, hakuna fimbo, hakuna kufokewa, na simu hainyang'anywi. Hili la simu ndo kubwa kwa wale wakubwa, wanaficha kwa sababu wanajua ukisikia utachukua simu. Lilinitoa roho kulikubali. Lakini mwezi wa nne, mkubwa akaja usiku, nimeshavaa kanga ya kulalia, akasema mama kuna mtu kwenye gemu, hamjui, anajifanya wa rika lake, anamuomba picha. Picha gani? Akaangalia pembeni. Nikajua.

Moyo ulinienda mbio ila nikakaza uso. Hakuwa ametuma. Tukapiga picha skrini za yale mazungumzo kabla ya kumfungia huyo mtu, hilo mzazi kumbuka, usifute kwa hasira maana ndo ushahidi wako. Nikapiga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, bure, wakanielekeza vizuri, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto ukitaka kupeleka mbele, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inagusa mambo ya picha za ngono za watoto moja kwa moja. Simu yake sikuichukua. Mkono uliwasha, sitaki kudanganya, nilitaka kuipondaponda na mchi. Lakini nilikuwa nimeahidi mbele ya bibi.

Kuna mtu ataniambia sisi tulichapwa na tukakua vizuri. Sawa. Ila wewe mtu mbaya ili akufikie ilibidi apite getini, baba yako amuone. Huyu wangu alifikiwa akiwa sebuleni, miguu kaweka kwenye kochi, mimi nipo mita mbili nakata vitunguu.

Dada wa kazi nae ana simu janja, nilisahau kusema. Sikuipangia masharti kama ya mtoto, ni mtu mzima, ila tulikubaliana mtoto hashikishwi hiyo simu hata akilia, na mimi kwa upande wangu nimeacha kumlundikia kazi za pasi muda wa watoto kurudi. Zinasubiri usiku, au Jumamosi napiga mwenyewe huku nimewasha muvi ambayo watoto wamechagua na mie nimeipitisha, na kama kuna sehemu inachanganya tunasimamisha tunaongea, mpaka mkubwa anasema mama unaharibu muvi.

Mdoli alirudi ndani mwezi uliopita. Alikuwa kwenye kabati la jikoni muda wote huo, binti kamlilia mpaka basi. Mdogo wake akakubali kwa sharti, mdoli alale kwenye droo ya chini, droo ifungwe, na ufunguo akae nao yeye. Yupo nao mpaka leo, kaufunga na uzi shingoni, hata kuogeshwa hautoi.